Valcourt, mji uliozaa pikipiki ya theluji



Katika vikundi vyetu hakuna kimoja kisichokuwa na mama mwenye mtoto, mdogo wake au mjukuu aliyefika Kanada. Miezi ya baridi ikianza, picha zinaingia kwenye simu: kijana amevaa nguo nene kama godoro, kaske kichwani, amekaa juu ya chombo kinachofanana na pikipiki lakini hakina pine hata moja. Mbele kuna skii mbili, nyuma kuna mkanda wa mpira. Mama anaitazama picha, anaipitisha kwa jirani, halafu anauliza: hiki ni kitu gani, kinakimbia namna gani, na nani alimruhusu mtoto wangu kukipanda?

Watu wa Quebec wanakiita motoneji. Sisi tutasema pikipiki ya theluji. Tuliiona, tuliigusa, na tulikaa mezani na familia iliyokuwa karibu kugawanyika juu yake.

Sisi ni ndugu wawili, na tulikwenda kumsalimia yaya yetu anayekaa Sherbrooke. Tulivuka Ruzizi, tukapanda ndege Kigali, tukabadilisha Addis-Abeba, tukashuka Toronto, kisha Montreal. Safari ya ndege hatuisimulii, ni kukaa na kungoja. Kutoka Montreal hadi Sherbrooke ni kama kilometa 150 kwa basi, na njia nzima ni nyeupe pande mbili, miti imesimama bila majani kama vijiti vya kuchomea nyama. Sherbrooke ni mji wenye watu wengi wa nchi zetu za Maziwa Makuu. Jumapili kanisani tulisikia Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda kabla mtu hajatusalimia kwa Kifaransa.

Yaya alifika huko kutoka kambi ya Nakivale, Uganda, pamoja na watoto wake. Kijana wake sasa ana miaka 19. Anasoma, na Jumamosi anafanya kazi kwa mzee mmoja mwenye msitu wa miti ya sukari. Miti hiyo inaitwa erabli. Wakati baridi inapoanza kulegea, usiku kunaganda na mchana kunayeyuka, mti unatoa maji matamu. Wanatoboa tundu dogo, wanaunganisha mipira myembamba kutoka mti hadi mti, maji yanateremka mpaka kwenye nyumba ya kupikia. Lita 40 hivi za maji hayo zinapikwa ili kupata lita moja ya asali yao. Lakini kabla maji hayajatoka, Januari na Februari, lazima mtu azunguke msitu mzima kutengeneza mipira iliyokatwa na matawi au kutafunwa na wanyama. Theluji inafika mapajani. Kwa miguu, siku nzima inaisha na kazi haijafika nusu.

Basi kijana akasema anataka kununua pikipiki yake ya theluji. Alikuwa ameweka akiba ya dola 4,000 za Kanada. Rafiki zake walikuwa wamekwisha kumwonyesha moja, nyeusi na kijani, inang'aa, kwa dola 7,000. Zilizopungua angekopa.

Yaya alikataa moja kwa moja. Alituambia mbele ya mtoto: "Sikumtoa Nakivale ili aje kufia juu ya barafu." Kisha akatugeukia: "Nyinyi ni walimu. Mzungumze naye."

Hiyo ni kazi ya mama mdogo popote alipo, hatukuweza kuikwepa. Lakini kumkataza kijana wa miaka 19 mwenye fedha zake mwenyewe si kazi rahisi, ba mama wenye vijana wa kiume mnaelewa. Na kusema kweli hatukujua tunakataza kitu gani. Tukaomba kwanza tukione chombo hicho pale kilipozaliwa, ambapo si mbali.

Valcourt ni mji mdogo, kilometa 45 hivi kutoka Sherbrooke. Ukiingia unaona kanisa, nyumba za mbao, na kiwanda kikubwa kuliko mji unavyostahili. Ndani yake wanatengeneza pikipiki za theluji mpaka leo. Kando kuna jumba la makumbusho la Joseph-Armand Bombardier, na gereji lake la kwanza bado lipo.

Bwana huyo alizaliwa mwaka 1907, mtoto wa watu wa mashamba. Alikuwa na miaka 15 alipochukua motere ya gari la Ford, akaifunga juu ya viskii pamoja na panga la kuzunguka kama la ndege, alilolichonga kwa mkono, akapita nayo barabarani. Ilikuwa mwisho wa mwaka 1922. Baba yake aliona lile panga likizunguka wazi karibu na vichwa vya watu, akaamuru kifunguliwe siku ileile. Yaya aliposikia hapo akacheka kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze. "Kumbe baba yake alikuwa na akili."

Alipofika miaka 19 alifungua gereji. Mwaka 1929 alimwoa Yvonne Labrecque. Wakati ule, theluji ikishuka Quebec vijijini, barabara zilikuwa zinafungwa. Magari yaliwekwa juu ya magogo mpaka majira mengine, watu wakarudi kwenye farasi na sleji. Januari 1934, mtoto wao Yvon, mwenye miaka miwili, akashikwa na tumbo. Ilikuwa ule ugonjwa wa kidole cha tumbo kinachooza na kupasuka, ambao daktari anauponya kwa kupasua kama mgonjwa amefika mapema. Hospitali ilikuwa Sherbrooke. Barabara ilikuwa imefungwa na theluji. Baba alikuwa fundi aliyekuwa akijaribu kwa miaka kutengeneza chombo cha kupita juu ya theluji, na katika gereji lake hapakuwa na hata kimoja kilicho tayari. Mtoto akafa.

Hapo hatukusema kitu kwa muda. Nani kati yetu hajasikia habari kama hiyo? Mgonjwa anayebebwa kwa kipoyi kutoka milimani, mama mwenye uchungu wa kuzaa aliyekwama njiani Shabunda kwa sababu mvua imekula barabara. Kule ni theluji, kwetu ni matope. Yaya alikuwa anasoma maandishi ukutani polepole, kidole chini ya kila neno, kama anayesoma barua ya nyumbani.

Bombardier alirudi gerejini. Shida yake kubwa ilikuwa mkanda. Chombo kizito kinazama, na magurudumu ya chuma yanakusanya theluji na kuganda. Alitengeneza gurudumu lenye meno lililofunikwa mpira, linalovuta mkanda wa mpira na vyuma, na mwaka 1937 akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi huo. Gari lake la kwanza la kuuza lilibeba watu 7. Lililofuata, la mwaka 1942, lilibeba 12, lina madirisha ya duara kama ya meli. Tulilitazama lile la watu 12 kwa karibu. Lilifanya kazi ya kupeleka watoto shuleni, kubeba wagonjwa, kusambaza barua, kumfikisha padri kwenye mazishi. Ukiliona unafahamu kwamba halikutengenezwa kwa mchezo.

Mwaka 1948 serikali ya Quebec ikaamua barabara za vijijini zifunguliwe wakati wa baridi. Kwa familia lilikuwa jambo zuri, kwa biashara yake likawa pigo. Ndipo akarudi kwenye wazo la chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili, cha wawindaji na wamisionari wa kaskazini waliokuwa wakisafiri na mbwa. Mwaka 1959 kikatoka, cha rangi ya manjano, jina lake Ski-Doo. Kimoja cha kwanza kabisa kilikwenda kwa rafiki yake, padri Maurice Ouimet, aliyekuwa akitumika kaskazini mwa Ontario kati ya watu wa asili. Motere yake ilikuwa na nguvu za farasi 7 hivi. Bombardier alikufa mwaka 1964, na kufikia hapo watu walikwisha kuanza kukitumia kwa kujifurahisha kuliko kwa kazi.

Shikeni hiyo namba 7. Pikipiki ile nyeusi na kijani aliyoitaka mtoto wetu ina nguvu za farasi 165.

Sisi tuliona hapo ndipo penye mazungumzo. Yaya alikuwa anakataa pikipiki ya theluji kana kwamba ni kitu kimoja, na mtoto alikuwa anaitaka kana kwamba ni kitu kimoja. Kumbe ni vyombo mbalimbali kabisa, kama vile huwezi kulinganisha pikipiki ya motari wetu na ile ya mashindano kwenye televisheni. Yule mzee wa msitu wa sukari, mwenye miaka zaidi ya 70, ndiye aliyetufundisha, amekaa juu ya ndoo ndani ya banda lake. Tulimpenda kwa sababu alifundisha kama mwalimu mzuri. Alimwacha kijana ajibu kwanza.

Kuna pikipiki za njia, nyepesi, za kukimbia juu ya njia zilizosawazishwa. Quebec ina zaidi ya kilometa 30,000 za njia hizo, zina namba na alama kama barabara. Kuna za milimani, mkanda wake ni mrefu na una meno marefu ya kuchimba theluji laini. Hizo mtu anayejifunza asiziguse. Kuna za safari, zenye kiti cha watu wawili na mgongo wa kuegemea. Na kuna za kazi, ambazo vijana hawapigi nazo picha. Za kawaida zina mkanda wenye upana wa santimetre 38 hivi. Za kazi zina 50 au 60. Mkanda mpana haukimbii sana, lakini hauzami, na unavuta sleji yenye mizigo.

Kisha kuna motere. Motere ya mapigo mawili ni nyepesi na inaruka haraka ukiigusa, lakini inakula mafuta yake ya motere pamoja na esansi, na ukisahau kujaza tangi dogo la mafuta inaungua. Ya mapigo manne ni nzito, ina sauti ya chini, inakunywa esansi kidogo, na inaondoka polepole. Kwa anayeanza, mzee alisema, kuondoka polepole ni zawadi. Pikipiki hizi hazina vitesi vya kubadilisha kwa mguu. Kidole gumba cha kulia kinasukuma, mkono wa kushoto unashika freni, basi. Urahisi huo ndio hatari yake. Kwenye pikipiki ya kwetu mtu anayeanza inamzimikia mara tano kabla hajafika kona, na kila ikizima anajifunza kidogo. Hii haizimi. Mtu akiruka juu ya kijilima na mkono ukashtuka, kidole kinabana chenyewe, na kama nyuma yake kuna nguvu 165, ndani ya sekunde chache yuko kwenye miti. Kwa hiyo kuna kamba ndogo: upande mmoja unafungwa kwenye nguo, upande wa pili kwenye chombo. Ukianguka kamba inachomoka, motere inazima. Mzee alisema asiyeifunga asipande chombo chake hata kama ni mtoto wake wa kumzaa.

Alipendekeza motere ya mapigo manne yenye nguvu 60 hivi, au ndogo zaidi. Iwe na gia ya kurudi nyuma, iwake kwa kifungo, iwe na joto mikononi. Tulifikiri joto la mikononi ni anasa. Lakini kwenye baridi ya digrii 20 chini ya sifuri vidole vikifa ganzi havishiki freni.

Mambo ya bei tupite upesi. Mpya kwa kawaida inapita dola 10,000, na juu yake kuna plaki, asiransi ya lazima, haki ya kupita kwenye njia ambayo ni dola mia kadhaa kila mwaka, nguo, kaske, na rimoki ya kuibebea kama hukai karibu na njia. Yaya anakaa ghorofa ya tatu. Mtoto alikuwa hajafikiria atailaza wapi.

Tulikwenda kuona mbili za okazioni, wote wanne, yaya akiwa mbele.

Ile ya kwanza ilikuwa ile ya picha. Kijana muuzaji alikuwa mpole, alitupa kahawa. Mzee alikuwa amemfundisha mtoto wetu jambo moja: ukifika, kabla ya kusalimiana sana, weka mkono juu ya boneti. Akaweka. Palikuwa na joto. Maana yake muuzaji alikuwa ameiwasha kabla hatujafika, ili mnunuzi asione kama inasumbua kuwaka ikiwa baridi. Huenda haikuwa na ubaya wowote. Lakini mtoto alitutazama, tukaona uso wake umebadilika kidogo. Yule muuzaji akaiwasha, akabana gesi, theluji ikaruka mpaka kwenye ukuta wa nyumba. Yaya alirudi kwenye gari bila kusema neno.

Ya pili ilikuwa kwa mkulima aliyeacha kazi. Ya kazi, mkanda wa santimetre 50, motere ya mapigo manne, plastiki imepasuka upande mmoja na kufungwa kwa waya. Boneti baridi kama jiwe. Iliwaka mara ya kwanza. Mtoto alipiga magoti theluji ikamwingia, akahesabu meno ya mkanda kuona yaliyokatika, akatikisa skii kushoto na kulia kuona kama zinacheza, akaangalia vyuma vilivyo chini ya skii ambavyo ndivyo vinavyoshika kona, na vile vipande vya plastiki ambavyo mkanda unateleza juu yake. Viwili vilikuwa vimekwisha, bei yake si kubwa. Akafungua boneti, akaangalia mkanda wa motere, akauliza kama kuna wa akiba. Upo, umefungwa palepale. Mambo hayo hata motari wa Kadutu angeyauliza, ukibadilisha majina tu.

Halafu yaya akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: "Hii ni mali yako kweli, au bado unalipa?" Mkulima hakukasirika. Quebec kuna rejista ya serikali ambamo unaandika namba ya chombo na kuona kama kina deni. Kikiwa na deni, mkopeshaji anaweza kumfuata aliyenunua. Wakaangalia pamoja kwenye simu. Hakikuwa na deni. Bei ilikuwa dola 3,600, ikashuka mpaka 3,300. Hapo ndipo tulipomwona yaya anavyouza na kununua kama zamani Nyawera.

Lakini hakusema ndiyo. Alisema: "Bado barafu."

Kwa hiyo tulikwenda Magog, kwenye ziwa Memphremagog, ziwa refu la kilometa kama 40 linaloingia mpaka Marekani. Lilikuwa limeganda. Watu walikuwa wanatembea juu yake, wameweka vibanda vya kuvulia samaki, wanatoboa tundu na kushusha ndoano. Sisi tuliozaliwa kando ya ziwa Kivu tulisimama ufukweni tukashindwa kuweka mguu. Yaya alifiwa na watu majini, hatuna haja ya kueleza zaidi, wengi wenu mna msiba kama huo.

Msalaba Mwekundu wa Kanada unasema barafu iwe santimetre 15 kwa mtu anayetembea peke yake, 20 kwa kikundi, 25 kwa pikipiki ya theluji. Barafu ya kibuluu inayoonekana ndani kama kioo ndiyo yenye nguvu. Nyeupe kama maziwa ina nusu ya nguvu hiyo. Ya kijivu ina maji ndani, usikanyage. Na ziwa moja halina unene mmoja. Mahali mto unapoingia au kutoka, maji yanatembea chini na barafu inabaki nyembamba, hata kama mita mia kutoka hapo gari linapita. Hilo tulilielewa mara moja: anayejua jinsi maji ya Kivu yanavyovutwa kuelekea Ruzizi hahitaji kuelezwa mara mbili. Mvuvi mmoja alituambia kwamba wengi wanaozama ni wale wanaokata ziwa usiku nje ya alama, au wakiwa wamekunywa. Chombo cha kilo zaidi ya 200, nguo nzito, maji ya baridi ile: dakika ni chache.

Mtoto alisikiliza. Kisha akasema, kwa Kiswahili, lugha ambayo siku hizi anaitumia akitaka kitu kweli: "Mama, msitu wa mzee hauna ziwa."

Hiyo ilikuwa kweli. Alikuwa na jambo lingine moyoni ambalo tulilitoa kidogo kidogo jioni ile, wakati wa kusonga bugali. Rafiki zake wote wa shule walizaliwa na vyombo hivyo. Yeye Jumatatu akifika hana la kusimulia. Alitaka ile nyeusi ili siku moja tu awe mbele yao. Sisi tuliomfahamu akiwa mtoto wa mgongoni tulimwonea huruma, lakini tulimwambia wazi kwamba pikipiki ya kwanza si ya kumpita mtu. Tulimwuliza kama angekubali mwalimu mpya, siku yake ya kwanza, apewe darasa la mtihani wa taifa. Akacheka.

Waliandika makubaliano kwenye karatasi ya daftari, yaya na mtoto wake, sisi mashahidi. Ile ya mkulima itanunuliwa kwa fedha zake, bila mkopo. Itaandikwa kwa jina lake na kulipiwa asiransi kabla haijawashwa. Italala katika banda la mzee, si Sherbrooke. Msimu huu wa kwanza ni ndani ya msitu tu, mchana tu. Kabla ya kutoka kwenye njia za umma atafuata mafunzo. Sheria inawadai wale wa miaka 16 na 17, kwa kuwa chini ya 16 hairuhusiwi kabisa kuendesha. Yeye ana 19, lakini yaya alisema sheria ya nyumba yake inafika mbali kuliko ya Quebec. Kwenye njia mwisho ni kilometa 70 kwa saa. Ziwani hapana, kwa miaka miwili. Pombe hapana. Hakuna kumbeba mtoto mdogo, wala mtu yeyote kama kiti hakikutengenezwa kwa wawili. Hakuna kuiwasha ndani ya banda lililofungwa, moshi wake una hewa inayoua bila harufu ya kukuonya. Hakuna skafu ndefu shingoni, maana ncha yake ikishikwa na mkanda inavuta kichwa. Avae ile kofia ya kufunika uso mpaka shingoni. Na kwa kuwa simu haishiki mtandao ndani ya msitu, kila akitoka aandike kwenye karatasi ya mlangoni kwa mzee: anakwenda upande gani, anarudi saa ngapi.

Kaske yaya aliinunua mwenyewe, mpya, dukani. Mtoto alikuwa ameona ya okazioni kwa dola 40. Yaya akakataa, kwa sababu kaske iliyokwisha kuanguka mara moja inaweza kuwa na ufa ndani ambao jicho halioni. Ba mama wenye motari nyumbani, hilo na nyinyi mliangalie.

Siku mbili kabla ya kurudi tulikwenda msituni kuaga. Kiti cha pikipiki ile ni cha watu wawili, tukapanda mmoja mmoja nyuma ya mtoto wetu, kutoka bandani mpaka kwenye nyumba ya kupikia sukari na kurudi. Inatetemeka kidogo, inapita juu ya theluji kama mtumbwi, na ukigeuka unapaswa kuegemeza mwili pamoja na dereva. Mipira ya maji ya miti ilikuwa inapita juu ya vichwa vyetu. Yaya alikuwa wa mwisho. Hakutaka, halafu akataka. Tuliwasikia kabla hatujawaona wanarudi, si motere, ni sauti yake akimwambia mtoto apunguze mbio. Mzee alichungulia kwenye saa ya chombo walipofika. Walikuwa hawajapita kilometa 20.